Jiwe Dogo na Barabara Ndefu

Mwambao wa kaskazini wa Jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, tangu mdomo wa Mto Ruvuma kupitia Quionga, Palma na Mocímboa da Praia, umetajwa mara nyingi katika taarifa za habari tangu tarehe 5 Oktoba 2017. Siku hiyo watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na tangu hapo mwambao huo umejulikana zaidi kwa milio ya bunduki kuliko kwa ngalawa zake, minazi yake na lugha zake za Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili.

Waliokufa kwa risasi na kwa panga huhesabiwa. Lakini wako wengine ambao hakuna anayewaandika katika orodha ya waliokufa vitani, nao ni wale waliokufa kwa maradhi yanayotibika, kwa kuwa tiba ilikuwa upande mmoja wa barabara na mgonjwa upande wa pili, na katikati hapakupitika. Mazungumzo haya yanahusu ugonjwa mmoja wa namna hiyo, yaani mawe yaliyokwama katika mfereji wa nyongo. Ni ugonjwa ambao tiba yake ya kisasa huacha jeraha dogo sana mwilini, au isiache jeraha lolote la kuonekana. Hata hivyo, tiba hiyo yenye jeraha dogo ndiyo inayodai amani kubwa.

Nyongo si neno geni katika Kiswahili. Jambo likiharibika husemwa limetumbukia nyongo, na mgonjwa wa malaria akitapika maji ya njano na machungu husemwa anatapika nyongo. Katika mwili wa binadamu, nyongo hutengenezwa na ini, kiasi cha kati ya nusu lita na lita moja kila siku, ili kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Sehemu yake huhifadhiwa katika kifuko kidogo kilicho chini ya ini, kisha hupita katika mfereji mwembamba, ambao kwa kawaida upana wake haufiki milimita 10, na kumwagika katika utumbo mwembamba. Karibu na mwisho wa mfereji huo huungana nao mfereji mwingine unaotoka kwenye kongosho. Kwa hiyo kizuizi kimoja mahali hapo kinaweza kuyaumiza maini na kongosho kwa pamoja.

Mawe hujengeka zaidi ndani ya kifuko cha nyongo. Watu wengi huishi nayo miaka mingi bila kujua. Lakini katika kila watu 100 ambao mawe hayo yamekwisha kuwaletea maumivu, kati ya 10 na 20 hukutwa na jiwe lililotoka katika kifuko na kuingia katika mfereji. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa waliozaa mara nyingi, na hatari huongezeka kwa umri. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki iko sababu nyingine isiyofaa kusahauliwa, nayo ni ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu za damu za mgonjwa huyo huvunjika upesi, na mabaki yake huweza kugandamana yakawa mawe meusi ya nyongo hata kwa kijana mdogo. Aidha, minyoo mikubwa ya tumbo, iliyo mingi mahali pasipo na maji safi wala vyoo, mara nyingine hupanda na kuingia katika mfereji huo huo.

Dalili zake askari anaweza kuzikariri kama anavyokariri neno la siri la lindo. Ya kwanza ni maumivu makali chini ya mbavu za kulia au chini ya kidari, ambayo mara nyingine hufika begani au mgongoni. Ya pili ni macho kugeuka manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, na choo kikubwa kupauka. Ya tatu ni homa kali yenye kutetemesha. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliziunganisha dalili hizi tatu mwaka 1877, na hadi leo zikikutana kwa mgonjwa mmoja humwambia tabibu kwamba huenda nyongo imezibwa na vijidudu vimekwisha kuingia ndani yake. Mgonjwa akianza kupayuka na kuchanganyikiwa, na shinikizo la damu yake likashuka, basi sumu imeingia katika damu na kifo kimekaribia.

Taabu ya mwambao ule ni kwamba homa yoyote huitwa malaria kabla ya kuulizwa jina lake. Malaria iko kwa wingi, nayo huweza kumpata mtu ambaye mfereji wake wa nyongo umeziba. Hivyo mgonjwa hupimwa, akaonekana ana vimelea, akapewa dawa za malaria, kisha akaambiwa arudi nyumbani, na jiwe likabaki pale pale. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, hakijasema kwamba hakuna ugonjwa mwingine. Macho ya manjano yanayofuatana na maumivu ya upande wa kulia yanadai swali la pili.

Historia ya tiba ya ugonjwa huu ni historia ya jeraha kupungua. Tarehe 15 Julai 1882, mjini Berlin, Carl Langenbuch alikitoa kifuko cha nyongo cha mgonjwa kwa mara ya kwanza, na mgonjwa akapona. Kwa takriban miaka 100 iliyofuata, njia ilikuwa ni ile ya kulipasua tumbo. Jeraha lilikuwa refu, mgonjwa alilala hospitalini kwa siku nyingi, na aliyefunguliwa mfereji wenyewe aliachiwa mpira wa kutolea nyongo nje ya tumbo mpaka kidonda cha ndani kipone.

Mabadiliko yalianza pale madaktari walipofikiri kuingia kwa mlango ambao mwili wenyewe umekwisha kuuweka, yaani kinywa. Mwaka 1968, nchini Marekani, William McCune na wenzake waliandika jinsi walivyoufikia mdomo wa mfereji wa nyongo kwa mpira wenye taa uliopitishwa kinywani. Mwaka 1974 madaktari wa Erlangen nchini Ujerumani na wa Kyoto nchini Japani, kila upande kwa kazi yake, walitangaza kwamba wameukata na kuupanua mdomo huo kwa waya wenye umeme, ili mawe yatoke bila kulipasua tumbo. Tarehe 12 Septemba 1985, Erich Mühe wa mji wa Böblingen nchini Ujerumani alikitoa kifuko cha nyongo kwa njia ya matundu madogo. Wapasuaji wenzake wengi walimpinga, lakini baada ya miaka michache njia hiyo ilienea ulimwenguni.

Leo kazi hiyo hufanyika hivi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na kulazwa juu ya meza ya eksirei. Mpira mrefu wenye kamera ubavuni mwake hupitishwa kinywani, katika koo, katika tumbo, hadi mahali mfereji unapofungukia. Mrija mwembamba huingizwa ndani ya mfereji na dawa maalumu humiminwa, ili picha ya eksirei ionyeshe jiwe liko wapi. Mdomo wa mfereji hukatwa kidogo, kisha jiwe huvutwa kwa kikapu chembamba cha waya au kwa kipira kinachojazwa hewa. Likiwa kubwa husagwa kwanza. Lisipotoka, huachwa mrija wa plastiki ili nyongo ipite kando yake, na mgonjwa hupata nafuu akisubiri kazi ya pili. Baada ya hapo kifuko chenye mawe hutolewa kwa matundu madogo ya tumboni, maana kikiachwa kitaleta mawe mengine. Wako pia wapasuaji wanaoyamaliza yote mawili kwa safari moja, kupitia matundu hayo hayo.

Kazi hii haikosi hatari. Kati ya wagonjwa 3 na 10 katika kila 100 huvimba kongosho baadaye, na wengine hutokwa na damu. Ndiyo maana haifai kufanywa na mtu asiyeizoea, wala kufanywa kwa ajili ya kutazama tu. Lakini kwa mgonjwa aliyechaguliwa vema, faida ni kubwa. Yule ambaye zamani angelala wiki nzima na zaidi huweza kuondoka hospitalini baada ya siku chache, akarudi shambani au baharini akiwa na alama ndogo zisizofika urefu wa ukucha.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo penye fundisho. Jeraha limekuwa dogo kwa sababu vitu vilivyo nje ya mwili wa mgonjwa vimekuwa vikubwa. Kisu cha Langenbuch kilihitaji meza, mwanga na mikono hodari. Mpira wenye kamera unahitaji umeme usiokatika, mashine ya eksirei, maji safi ya kuuoshea, dawa, fundi wa kuutengeneza, na daktari aliyejifunza miaka mingi na kuendelea kuifanya kazi hiyo mara kwa mara. Vitu hivyo haviwezi kutawanywa katika kila wilaya. Huwekwa katika hospitali kubwa za miji, na mgonjwa ndiye husafiri kuvifuata. Kwa hiyo barabara ni sehemu ya chumba cha upasuaji, na anayeilinda barabara ni mmoja wa wahudumu wa chumba hicho, hata kama hajapata kuvaa koti jeupe maishani mwake.

Yafaa kuutazama mwambao wenyewe. Toka Palma hadi Pemba, makao makuu ya jimbo, ni safari ya barabara ya kilomita zipatazo 400. Zaidi ya Pemba kuna Hospitali Kuu ya Nampula, inayopokea wagonjwa wa rufaa wa majimbo ya kaskazini, nayo iko mbali karibu kiasi hicho hicho tena. Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilibomoa nyumba na barabara katika jimbo hilo. Mwezi Agosti 2020 Mocímboa da Praia ilitekwa, na katika vita hivyo hospitali yake iliharibiwa. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikavamiwa. Watu wapatao milioni moja walipata kuyahama makazi yao katika miaka ya mapigano, na pamoja nao waliondoka wauguzi, matabibu na wakunga, maana nao ni wanadamu wenye watoto.

Ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara iko karibu zaidi kuliko Pemba kwa mtu wa Quionga, na undugu wa kingo mbili za mto huo ni wa kale kuliko mpaka. Lakini mto nao umekuwa mstari wa hatari. Mwezi Oktoba 2020 washambuliaji walivuka na kukivamia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tangu hapo kila mtumbwi unaovuka usiku hutazamwa kwa shaka, na shaka hiyo ina sababu.

Tarehe 8 Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliurudisha mji wa Mocímboa da Praia. Majeshi ya nchi za Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, nayo yalifanya kazi katika jimbo hilo tangu Julai 2021 hadi Julai 2024. Wananchi walianza kurudi. Lakini mji hauwi umerudi kwa sababu bendera imepandishwa. Umerudi pale mama mwenye macho ya manjano anapoweza kuondoka alfajiri akafika kwa daktari akiwa hai.

Muda wenyewe ni mfupi. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya uliotolewa mwaka 2019 unasema kwamba mgonjwa ambaye uchafu wa nyongo umeingia katika damu na shinikizo la damu limeanguka, azibuliwe mfereji mapema iwezekanavyo, isizidi saa 12. Mwenye hali ya kati apewe huduma hiyo ndani ya saa 48 hadi 72. Saa hizi huhesabiwa kitandani, mahali mashine iko chumba cha pili. Je, kwa mgonjwa wa Palma zihesabiwe toka wapi? Toka gari lilipopatikana, au toka msafara wenye ulinzi ulipokusanyika, au toka kizuizi cha barabarani kilipofunguliwa asubuhi?

Hapo ndipo wajibu wa askari unapoonekana bila kificho. Chukua mfano wa kizuizi katika barabara ya Awasse, saa nne ya usiku. Inakuja pikipiki. Kijana anaendesha, nyuma yake yuko mama yake aliyefungwa kwa kanga asianguke, anatetemeka na macho yake ni manjano. Askari wa zamu ana haki ya kuwa na shaka. Iko mifano ya maadui waliovaa sare za jeshi, na mwenzake aliyekuwa mwepesi wa kuamini pengine amekwisha kuzikwa. Amri inasema hakuna kupita usiku. Je, afanye nini?

Jibu halimo katika kuitupa amri, wala halimo katika kumrudisha mgonjwa gizani. Jibu limo katika maandalizi ya mkubwa wake kabla ya usiku huo. Kikosi chenye utaratibu huwa kimekwisha kuamua mgonjwa atakaguliwa wapi, na nani, kwa dakika ngapi. Nani ataitwa kwa simu ya upepo ili kizuizi kinachofuata kijue anayekuja. Tabibu wa kikosi atamtazama wapi. Na gari gani litatoka iwapo hali hairuhusu pikipiki kuendelea. Ukaguzi wa dakika 10 hauui. Kusubiri hadi mapambazuko, kisha kusubiri msafara, kisha kusubiri ruhusa ya mtu aliyekwenda kunywa chai, huko ndiko kunakoua. Na anayedai fedha ili kumfungulia mgonjwa njia, huyo hana tofauti na jiwe lililokwama katika mfereji. Ni kitu kidogo mahali pabaya, nacho hutia sumu mwili mzima.

Heshima kwa wagonjwa si hisani ya kamanda mpole. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inawalinda majeruhi, wagonjwa, wahudumu wao, hospitali na magari yao. Tarehe 3 Mei 2016 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2286, likisisitiza ulinzi huo huo. Hospitali haigeuzwi kituo cha kufyatulia risasi. Gari la wagonjwa halibebi silaha. Jenereta ya hospitali haihamishiwi kambini kuchaji simu.

Tena mwambao huu una kumbukumbu yake ya kujivunia. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza huko huko Cabo Delgado, mahali paitwapo Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa na bunduki chache walijenga pia vituo vya tiba porini, na majeruhi wao walibebwa kwa machela hadi ng'ambo ya Ruvuma, ambako palikuwa na hospitali yao mjini Mtwara iliyopewa jina la Dakta Américo Boavida, mwana wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Samora Machel mwenyewe, kabla ya kushika bunduki, alikuwa muuguzi. Kizazi hicho kilielewa kwamba jeshi lisilojali wagonjwa wa wananchi haliwezi kudai kwamba linawapigania.

Aidha, Msumbiji ilitoa fundisho jingine katikati ya vita vilivyofuata uhuru. Mwaka 1984 ilianza kuwafundisha matabibu wasio madaktari kazi ya upasuaji, ili wakatumikie wilayani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba, miaka saba baada ya kumaliza mafunzo, sehemu kubwa mno ya matabibu hao bado walikuwa katika hospitali za wilaya, wakati madaktari waliokuwa wamepelekwa huko walikuwa wamekwisha kuondoka. Hili lina maana kwa mgonjwa wa mawe ya nyongo. Mpira wenye kamera ukiwa mbali, tabibu aliye karibu anaweza kuutambua ugonjwa, kuanza dripu na dawa za kuua vijidudu, na kumwandikia barua ya rufaa mapema. Na pale mgonjwa asipoweza kusafiri, mpasuaji wa hospitali ya jimbo anaweza bado kumfungua kwa njia ya zamani na kuitoa nyongo chafu. Jeraha kubwa ni afadhali kuliko kaburi dogo.

Kwa askari na polisi wenyewe, na kwa familia zao katika kambi, mambo machache yatosha. Mwenye maumivu ya upande wa kulia, macho ya manjano na homa apelekwe kwa tabibu siku hiyo hiyo, hata kama kipimo chake kinaonyesha malaria. Asilishwe chakula kizito njiani. Saa maumivu yalipoanza iandikwe, na dawa alizokunywa ziandikwe. Mgonjwa wa selimundu mwenye macho yaliyozidi umanjano wake wa kila siku asiambiwe kwamba ndiyo hali yake. Tumbo lisikandwe. Wala asinyweshwe mafuta kwa ahadi kwamba mawe yatatoka chooni, kwa sababu vidonge laini vinavyoonekana baada ya dawa hiyo ni mafuta yenyewe yaliyoganda kama sabuni, na jiwe liko pale lilipokuwa.

Kwa makamanda, jambo ni moja. Amri ya kila kizuizi iwe na mstari unaomhusu mgonjwa, na kila askari wa zamu auelewe kabla hajapewa lindo.

Sayansi imefanya kazi yake. Imelipunguza jeraha toka urefu wa shubiri mpaka tundu lisilopitisha kidole, na hata mpaka kutokuwa na jeraha la nje kabisa. Iliyobaki ni kazi ya umma, ya serikali, na ya wale waliopewa silaha ili wawalinde watu. Mwambao unaonyamaza kwa sababu risasi zimekoma bado haujapata amani yake yote. Utaipata pale ambapo jiwe dogo katika mwili wa mvuvi wa Palma litaogopewa tu kama jiwe dogo, maana barabara itakuwa wazi, na mtu aliyesimama katikati yake usiku na bunduki atakuwa amesimama kwa ajili ya mvuvi huyo.